Mbwa akifa usiku, usikimbilie kusema sumu

Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.

Leo nimewaletea habari ambayo si ya siasa, si ya bei ya sukari, wala si ya mpira. Nataka tuzungumze juu ya tumbo la mbwa.

Najua kuna mmoja wenu ambaye ameshanyoosha mkono abadilishe stesheni. Ngoja kidogo, ndugu yangu. Inawezekana wewe hufugi mbwa, na pengine hata humpendi. Lakini jirani yako anaye, au una mjomba, kaka au mtoto anayefanya kazi ya ulinzi kwenye nyumba yenye mbwa. Na habari hii, ingawa inaanzia kwenye bakuli la mbwa, mimi ilinifikisha mahali ambapo nilimdhulumu binadamu mwenzangu. Kwa hiyo nakuomba unisikilize hadi mwisho.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mbwa nyumbani kwetu, hapa hapa Dar es Salaam. Alikuwa wa aina ya German Shepherd, wale ambao wengi wetu huwaita mbwa wa polisi, na watoto walimpa jina la Simba. Mchana alikaa bandani. Ilipofika saa 2 usiku mlinzi wetu alimpikia sufuria ya ugali wa dona, akauchanganya na dagaa au utumbo wa ng'ombe, akamwekea wote kwa mara moja. Simba aliumaliza kabla hujahesabu hamsini. Hapo hapo alifunguliwa azunguke uani, akimbie, abweke, hadi asubuhi. Utaratibu huo niliuweka mimi mwenyewe, nami niliuona kuwa mzuri. Hebu jiulize, ni nyumba ngapi za mjini zenye mbwa ambazo hazifuati utaratibu huo huo? Mlo mmoja, sufuria moja, kisha kazi.

Mlinzi wetu alikuwa mtu mzima, amenizidi umri kwa mbali. Watoto walimwita babu. Alikuwa nasi kwa mwaka wa nne, na mbwa alimpenda yeye kuliko alivyonipenda mimi. Hilo si la ajabu, kwa maana anayemlisha mbwa ndiye mwenye mbwa.

Usiku mmoja, yapata saa 4, babu aligonga dirisha. "Bosi," akasema, "njoo umwone Simba. Hatulii."

Nikatoka na tochi. Mbwa alikuwa anakwenda huku anarudi kule, analala, anainuka, anageuza shingo kuutazama ubavu wake. Kila baada ya dakika chache alikunja mgongo na kujikamua kama anayetaka kutapika, lakini hakikutoka kitu ila povu na ute mzito. Nilipompapasa tumbo nikakuta limekaza. Nililigonga kwa vidole, likalia kama ngoma.

Sasa mkazi wa mjini akimwona mbwa wake katika hali hiyo, anafikiri nini? Sumu. Sote tumesikia habari za wezi wanaotupa nyama yenye sumu juu ya ukuta ili waingie bila kelele. Basi mke wangu akaleta maziwa. Jirani mmoja akashauri mafuta ya kula. Mwingine akasema tusage mkaa tuukoroge na maji. Vyote tulijaribu kumnywesha kwa nguvu, na nusu vikamwagika. Daktari wa mifugo hatukumpigia simu, kwanza kwa sababu hatukuwa na namba ya daktari yeyote, na pili kwa sababu tulijiambia kuwa tungoje kukuche. Hakukucha kwa Simba. Kabla ya saa 11 alfajiri alikuwa amekufa.

Asubuhi ile nilikuwa na hasira, na hasira hutafuta mtu. Nikamwita babu mbele ya watoto. Nikamwuliza ni nani aliyempa fedha amlishe mbwa wangu sumu. Akaniambia, "Bosi, nimempa chakula kile kile cha kila siku." Nikamjibu kwamba kila mwizi husema hivyo hivyo. Nikamlipa siku alizofanya kazi, nikamwambia asirudi tena. Alikunja koti lake, akachukua kirungu chake, akaondoka bila kusema neno jingine. Mtoto wangu mdogo alimfuata hadi getini akilia.

Mimi nilitaka ushahidi ili niende polisi. Rafiki yangu mmoja akanielekeza kwa daktari wa mifugo, naye akaja mchana ule ule kuupasua mzoga. Nilisimama pembeni nikisubiri anionyeshe sumu. Alichonionyesha kilikuwa kitu kingine kabisa.

Mfuko wa chakula wa yule mbwa, yaani ule mfuko ulio ndani ya tumbo unaopokea chakula kinachotoka kooni, ulikuwa umefura kupita kiasi na umegeuka rangi ukawa mweusi. Mahali unapoungana na umio palikuwa pamesokotwa kama nguo inayokamuliwa. Bandama nayo ilikuwa imevutwa ikahama mahali pake, imejaa damu. Daktari alipoukata mfuko ule, hewa ikatoka kwa kishindo, na nyuma ya hewa ukafuata ugali wa usiku.

"Hapa sioni dalili ya sumu," daktari akasema. "Tumbo lilijaa hewa, kisha likajipindua." Halafu akaniuliza, "Nani aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba mbwa anaumwa?"

Nikasema, "Mlinzi." Kisha nikanyamaza.

Wapenzi wasikilizaji, yule babu nitarudi kwake baadaye. Kwanza niwaeleze niliyojifunza, maana nilimsumbua daktari yule kwa maswali siku nyingi, nikasoma na vitabu.

Wafugaji wa ng'ombe wanaujua ugonjwa wa tumbo kujaa gesi. Ng'ombe akila majani mabichi ya jamii ya kunde kwa pupa, tumbo lake hufura upande wa kushoto, na mfugaji mwenye uzoefu hujua nini cha kufanya. Mbwa naye hufura, lakini kwake kuna jambo la pili ambalo ni baya kuliko la kwanza. Mfuko wake ukishafura huweza kugeuka, ukazunguka nusu duara, na wakati mwingine karibu duara zima.

Chukua pipi iliyofungwa kwenye karatasi. Karatasi imesokotwa upande huu na upande huu, na pipi iliyo katikati haina pa kutokea. Mfuko uliojipindua uko vivyo hivyo. Njia ya juu imefungwa, kwa hiyo mbwa hawezi kutapika wala kucheua hewa. Njia ya chini imefungwa pia, kwa hiyo chakula hakiwezi kushuka kwenye utumbo. Hewa inazidi kujaa, na mfuko unazidi kufura.

Lakini kinachomuua upesi si kujaa kwenyewe. Mfuko ule uliofura hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya nyuma ya mwili. Damu isiporudi, moyo hauna cha kusukuma. Viungo vinakosa damu, ngozi ya mfuko wenyewe inaanza kufa, na uchafu unaotoka kwenye nyama iliyokufa unaingia mwilini na kuuvuruga hata mwendo wa moyo. Kwa hiyo, kwa maana moja, sumu ilikuwapo. Lakini ilitengenezwa na mwili wa mbwa mwenyewe, wala haikurushwa na mtu juu ya ukuta.

Mambo haya yote hutokea katika muda wa saa chache. Mbwa aliyekula vizuri magharibi anaweza kuwa maiti kabla ya adhana ya alfajiri.

Sasa, ni mbwa gani anayepatwa na balaa hili? Mbwa yeyote anaweza kupatwa, lakini walio katika hatari zaidi ni mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kwenda chini na chembamba kwa upana. Anayeongoza ni yule jitu aitwaye Great Dane. German Shepherd yumo, Boxer yumo, Doberman yumo, Saint Bernard yumo. Rottweiler naye yumo, ingawa hatari yake ni ndogo kuliko ya Great Dane. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye umbo dogo na kifua cha wastani, hasumbuliwi sana na jambo hili. Lakini angalieni nyuma ya mageti yetu ya mjini. Mbwa tunaowanunua kwa ajili ya ulinzi ni wale wale wenye vifua virefu, pamoja na machotara wao. Tunaleta mbwa wa kizungu, lakini namna ya kumtunza hatuileti.

Kule Marekani, katika Chuo Kikuu cha Purdue kilichoko jimbo la Indiana, mtafiti aitwaye Lawrence Glickman na wenzake waliamua kulichunguza jambo hili. Katika miaka ya 1990 waliwafuatilia mbwa 1,637 wa aina 11, wote wakubwa, ili waone nani atapatwa na nani atasalimika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Katika kipindi cha uchunguzi, karibu mbwa 6 katika kila 100 walipatwa. Hiyo si idadi ndogo.

Waligundua mambo manne yaliyoongeza hatari. La kwanza ni umri: mbwa anavyozeeka ndivyo hatari inavyopanda. La pili ni ukoo: mbwa ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake aliwahi kupatwa yuko katika hatari kubwa zaidi. La tatu ni pupa: mbwa anayekula haraka humeza hewa pamoja na chakula. La nne liliwashangaza wengi, nalo ni bakuli lililoinuliwa juu ya kigoda. Kwa miaka mingi wafugaji walikuwa wakishauriwa kumwinulia mbwa mkubwa bakuli ili kumkinga na ugonjwa huu huu. Uchunguzi wa Purdue ukaonyesha kinyume chake. Watafiti wengine waliokuja baadaye hawakuona kwamba bakuli lililoinuliwa linaongeza hatari, lakini hata wao hawakuona kwamba linamkinga mbwa. Basi liweke bakuli chini, isipokuwa daktari akikuambia vinginevyo kwa sababu ya ugonjwa mwingine.

Kuna mengine yaliyoonekana katika uchunguzi wa namna hiyo. Kumpa mbwa mkubwa mlo mmoja mkubwa kwa siku ni hatari kuliko kumgawia. Mbwa mwoga, mwenye wasiwasi, anayeshtuka kila mara, hupatwa zaidi kuliko mbwa mchangamfu. Na kwa wale wanaonunua chakula kikavu cha madukani, chakula chenye mafuta miongoni mwa vitu vinne vya kwanza vilivyoorodheshwa kwenye paketi kilionekana kuongeza hatari. Kwa hiyo soma paketi kabla hujalipa.

Sasa linganisheni hayo na Simba wetu. Kifua kirefu: anacho. Mlo mmoja mkubwa: ndiyo. Pupa: ndiyo, na pupa yenyewe niliitengeneza mimi, kwa sababu mbwa anayengoja saa 24 atakulaje kwa adabu? Kukimbia mara tu baada ya kula: ndiyo. Wazazi wake: sikuwahi kuuliza. Nilitoa fedha, nikabeba mtoto wa mbwa kwenye boksi, nikaondoka. Nilipohesabu hivyo nikaona kwamba aliyekuwa anamtega mbwa wangu kila usiku alikuwa mimi, na babu alikuwa anapika nilichomwagiza.

Tufanye nini basi? Mambo mengi hayana gharama.

Kwanza, gawa chakula. Ugali ule ule, dagaa wale wale, gawa mara mbili: nusu asubuhi, nusu jioni. Ukiweza mara tatu ni bora zaidi. Huongezi hata kilo moja ya unga.

Pili, mpunguzie mwendo wa kula. Usimrundikie chakula kwenye bakuli jembamba. Kitandaze kwenye sinia pana, ili alambe huku na huku. Au weka katikati ya bakuli jiwe safi, laini, kubwa kuliko mdomo wake, asiweze kulimeza, naye atalazimika kulizunguka. Ukiwa na mbwa wawili au watatu, usiwalishe mahali pamoja. Mbwa akimwona mwenzake anakula, atabugia hata kama hana njaa. Ule msemo wetu kwamba haraka haraka haina baraka, kwa mbwa ni agizo la daktari.

Tatu, mwache apumzike baada ya kula. Madaktari wengi hushauri saa moja au mbili bila kukimbizana wala kucheza kwa nguvu. Kama mbwa wako anaanza lindo saa 3 usiku, basi ale saa 12 jioni au kabla. Watafiti hawakusema kwa sauti moja juu ya jambo hili, lakini halina gharama, na mimi nalifuata.

Nne, maji yawepo wakati wote. Mbwa anayenyimwa maji mchana kutwa, akiyapata usiku atayabugia pamoja na hewa. Maji yakiwa karibu yake siku nzima atakunywa kidogo kidogo.

Tano, punguza kumtisha. Wapo wanaoamini kwamba mbwa wa ulinzi lazima afungiwe gizani, atukanwe na apigwe ili awe mkali. Mbwa wa namna hiyo hawi mkali, anakuwa mwoga. Na nimekwisha kusema kuwa woga nao umo katika orodha ya hatari.

Sita, unaponunua mtoto wa mbwa uliza habari za wazazi wake. Kama baba au mama alikufa kwa tumbo kufura, tafuta kwingine. Na wewe unayezalisha mbwa, usimzalishe yule aliyewahi kupatwa, hata kama alipona na hata kama ni mzuri wa sura.

Iko na njia ya saba, nayo inahitaji fedha na daktari. Inafanyika operesheni ambayo mfuko wa chakula unashonwa kwenye ukuta wa ndani wa tumbo, upande wa kulia, ukashikamana hapo. Mfuko ulioshonwa hivyo unaweza bado kufura, lakini kujipindua ni nadra sana. Jeshi la Marekani huwafanyia mbwa wake wakubwa wa kazi operesheni hii mapema, kabla hawajaugua, kwa sababu mbwa aliyefundishwa kwa miezi mingi hawezi kuachwa afe kwa jambo linaloweza kuzuiwa. Kwa mbwa jike, inaweza kufanywa pamoja na ile ya kufunga kizazi, akalazwa usingizi mara moja tu. Mwenye Great Dane au German Shepherd na azungumze na daktari wake juu ya jambo hili wakati mbwa bado mzima.

Tuje sasa kwenye dalili, na hapa nakuomba uchukue kalamu. Dalili kubwa ni mbwa kujikamua kutapika bila kutoa kitu, au kutoa povu tu. Nyingine ni kutotulia, kutoka udenda mwingi, kuutazama ubavu, kuhema, na tumbo kukaza au kufura. Lakini usingoje kuona tumbo limefura, kwa sababu kwa mbwa mwenye kifua kirefu mfuko unaweza kujificha chini ya mbavu usiuone. Inua mdomo wake utazame ufizi. Ubonyeze kwa kidole uwe mweupe, kisha uachie. Kwa mbwa mzima wekundu hurudi mnamo sekunde mbili. Ukichelewa kurudi, au ufizi ukiwa umepauka tangu mwanzo, damu haizunguki sawasawa.

Ukiona hayo, usimpe maziwa. Usimpe mafuta. Usimpe mkaa wala chumvi. Kumbuka pipi yetu: mlango umefungwa, na unachomnywesha kinaweza kuingia kwenye mapafu. Usimkande tumbo. Usimtembeze ili "ateremshe chakula". Wala usimtoboe kwa kisu kama ulivyomwona mfugaji akimtoboa ng'ombe, maana bandama iliyohama inaweza kuwa hapo hapo unapotaka kutoboa. Kuna jambo moja tu la kufanya: mpeleke kwa daktari wa mifugo dakika ile ile, na mtu mwingine ampigie simu njiani ili ajiandae. Daktari atamtia maji kwenye mshipa, atatoa hewa kwa mpira au kwa sindano nene, kisha atampasua, ataurudisha mfuko mahali pake na kuushona usigeuke tena. Asiposhonwa, zaidi ya nusu ya mbwa wanaopona hupatwa tena. Akishonwa, ni wachache kuliko 5 katika kila 100.

Siwadanganyi kwamba wote hupona. Hata kwenye hospitali zenye vifaa, mbwa 10 hadi 30 katika kila 100 wanaopasuliwa hufa. Lakini asiyetibiwa, mfuko wake ukiwa umejipindua, hufa karibu kila mara. Tofauti inaletwa na muda. Simba alianza kuhangaika saa 4 usiku. Sisi tulikuwa na gari, tulikuwa na simu, tulikuwa na saa sita za kumshughulikia. Tulichokosa ni namba ya daktari na akili ya kutongoja kukuche.

Kwa hiyo kesho, si keshokutwa, tafuta daktari wa mifugo. Wapo mjini, wengi wamesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro. Mwulize kama anapokea wagonjwa usiku. Kama hapokei, akuelekeze kwa anayepokea. Iandike namba yake jikoni, na iandike pia kwenye kibanda cha mlinzi.

Wapo watakaoniambia kwamba binadamu wenyewe wanakosa daktari usiku, sembuse mbwa. Neno hilo ni zito na silipuuzi. Lakini nami nawajibu hivi: ukimfunga mnyama kwenye ua wako, ukamnyima nafasi ya kujitafutia, ukamwachia kazi ya kulinda watoto wako usiku kucha, una deni kwake. Na kugawa sufuria moja mara mbili si anasa ya tajiri.

Sasa nirudi kwa babu.

Nilimtafuta siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta Mbagala, kwa binti yake, amekaa kibarazani. Nikampa shikamoo. Miaka minne alikuwa ananifungulia geti, akiniita bosi, nami nikipita na kumpungia mkono tu kutoka ndani ya gari. Nikamweleza alichokiona daktari. Nikamwomba radhi mbele ya binti yake na wajukuu zake, kwa sababu nilikuwa nimemtuhumu mbele ya watoto wangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, ungeniuliza mbwa alianzaje ningekueleza. Tangu saa 3 nilimwona anajikamua. Nikasema nisikuamshe, pengine utakasirika."

Saa nzima! Mbwa wangu alipoteza saa nzima ya uhai kwa sababu mlinzi wangu alikuwa anaogopa kugonga dirisha langu. Na mtu pekee aliyeijua dalili ile kwa macho yake ndiye niliyemfukuza bila kumwuliza swali hata moja la maana.

Kazini kwangu hakurudi. Alikuwa ameshapata lindo jingine, na sikuwa na haki ya kumlazimisha. Watoto huniuliza habari zake hadi leo, na huwapeleka kumsalimu wakati wa sikukuu.

Sasa tuna mbwa mwingine. Anakula asubuhi na saa 11 jioni, kwenye sinia. Namba ya daktari imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kibanda. Na mlinzi tuliye naye, siku ya kwanza tu nilimwambia neno moja: ukiona kitu chochote usichokielewa, kwa mbwa au kwa mtu, gonga dirisha, hata kama ni saa 9 usiku. Sitakasirika.

Tangu hapo ameshagonga mara mbili. Mara zote mbili haikuwa kitu. Nilimshukuru, nikarudi kulala.